Ukurasa Nilioruka

Andiko la kwanza lilikataliwa. La pili nalo likakataliwa, na safari hii wafadhili wakaeleza sababu: maelezo yetu ni mazuri, lakini hawamwoni mtu ndani yake. Nilisoma barua hiyo nikisubiri kivuko cha kurudi Kamanga na nikatamani kuitupa ziwani. Akina mama wa kikundi chetu walikuwa wakianika dagaa mchangani, na kila masika mvua iliwaozesha dagaa hao, wakaishia kuuzwa kama chakula cha kuku. Tulichotaka ni vichanja vya kuanikia, basi. Nusu ya wanachama walikuwa wameshajitoa, na waliobaki waliniangalia mimi, katibu, kwa kosa la kumaliza kidato cha nne.

Siku moja kabla ya maombi kufungwa nilikaa kwenye duka la kuchapia kule Nyamagana, nimekata tamaa kabisa. Hapo ndipo nilipomtia rafiki yangu, mwanachama mwenzetu, ndani ya andiko la tatu.

Masika yaliyopita, wiki moja hakuwa na kitu ndani, akawapikia wanawe dagaa walioanza kuharibika. Mtoto wake wa mwisho alitapika kutwa nzima, akafa. Watu wote waliambiwa ni malaria, hata mumewe. Ukweli aliniambia mimi peke yangu, siku moja tukigeuza dagaa, bila kuniangalia usoni. Niliandika "mama mmoja" nikajidanganya kwamba nimemficha, kana kwamba kijijini kwetu kuna mtu asiyejua nani kazika nani.

Kikundi chetu kina utaratibu: hakuna anayetia dole gumba kwenye karatasi kabla haijasomwa yote kwa sauti, kwa kuwa wengi hawakusoma. Niliwasomea asubuhi iliyofuata kabla ya kuituma, nikafunua kurasa mbili kwa pamoja ili ule wake usisomwe. Yeye ndiye aliyetangulia kutia dole, huku akinitania kwamba naandika maneno mengi kama hakimu.

Tulikubaliwa. Nililia kwa furaha mbele ya watu, sikuona haya.

Siku ya makabidhiano tulifunga turubai, na waume tukawaalika, wakaketi mbele. Mgeni kutoka kwa wafadhili, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, alisema kabla ya yote angependa tusikie kilichowagusa. Akafungua andiko letu.

Alisoma polepole, vizuri kuliko ninavyosoma mimi. Nilijua ni ukurasa ule tangu sentensi ya kwanza, na sikuwa na ujasiri wa kumkatiza. Alipofika kwenye sufuria ya dagaa, mume wa rafiki yangu aligeuka, akamtazama mkewe kwa muda mrefu. Kisha akainuka akatoka, taratibu, kama mtu aliyeitwa nje. Mgeni alipomaliza, watu wakapiga makofi. Nilipiga na mimi.

Rafiki yangu alinifuata nyuma ya turubai. Nikaanza kumwomba msamaha, hakuningoja nimalize.

"Wewe nilikuambia kwa sababu yeye sikuweza kumwambia," alisema.

Hakupandisha sauti. Heri angenizaba kofi. Alijifunga kanga yake vizuri, akashika njia aliyopita mumewe. Nikasimama pale nikimwangalia, mpaka waliponiita ndani nikasaini hati ya kupokea vichanja kwa niaba ya wanachama wote.