Maua ya Boma na Ng'ombe wa Mahari

Jumatatu nilikuwa nimekaa kwenye baraza ya boma la Shinyanga nikingoja kuitwa pamoja na wenzangu wenye kesi. Karani, bwana wa pwani mwenye kanzu iliyonyooshwa kuliko mashauri anayoyapanga, alikuwa akituonyesha matuta yake mawili ya maua, kila moja upande wake wa ngazi.

"La kulia nimelitia mbolea ya Ulaya, gunia zima," alisema. "La kushoto sikulitia kitu. Tazameni wenyewe."

Maua ya kulia yalikuwa yameinama kama yako matangani. Ya kushoto yalimfika kiunoni.

"Basi mbolea ni uongo," alisema, akajipangusa vidole.

Hapo wakafika wakwe wawili wa Kisukuma wenye kesi ya mahari. Walikuja na ng'ombe wanaogombaniwa, wakawafunga kwenye nguzo ya kushoto, palepale wanapofungwa ng'ombe wa kesi kila wiki. Ng'ombe mmoja aligeuzia tuta matako, akainua mkia, akafanya haja yake bila haraka.

Karani akatazama samadi, akatazama maua, kisha akatutazama sisi aone nani anacheka.

"Mwangaluka, Bwana Karani," alisema mkwe mkubwa. "Tumepatana. Tumekuja kufuta kesi."

"Mmepatana upesi mno," alijibu karani. "Kafikirini kwanza. Rudini wiki ijayo, na ng'ombe wote."

Mbolea inasaidia, hilo sibishi tena. Ila mwenye kesi ya mahari angoje kiangazi kiyakaushe maua ya karani, ndipo aende bomani.