Mama Huhamia kwa Jirani Wageni Wakija

Gari la ofisi ya uhamiaji lilipokata kona, mama yake fundi alikuwa keshainuka. Hakuambiwa na mtu. Alichukua kigoda na kikombe chake cha chai, akapitia uani, akaingia kwa jirani. Zamani alikuwa akinung'unika. Siku hizi huenda tu.

Fundi alibaki na cherehani yake chumba cha mbele, katikati ya sare za shule. Babu yake alivuka mpaka akikimbia vita, kambeba mgongoni mama yake fundi, angali mtoto. Baadaye serikali ikatoa uraia kwa kila aliyezaliwa upande huu, na hapo lazima tuipe haki yake, maana wengine hata hilo hawakulifanya. Nchi jirani zikasikia, zikawa zinatuma watu waje kujifunza jinsi ya kuishi na waliohamia. Wakitaka mfano, afisa huwaleta kwa fundi.

Mama, aliyezaliwa ng'ambo, sheria ilimruka. Afisa aliahidi kulisukuma ombi lake la uraia, ila wageni waridhike kwanza. Na mtu mzima asiye na kitambulisho, alisema, anavuruga maelezo.

Wageni wakaingia na viatu vyao safi. Fundi akasimulia kama kawaida: shule, mafunzo, mkopo wa cherehani, majirani wema. Mdomo ulijiendea wenyewe huku yeye akiwaza vifungo vimekwisha. Kisha kila mgeni akakaa kwenye cherehani, akashona mstari mmoja apigwe picha. Mishono yao hupinda kama njia ya ng'ombe, na wakiondoka fundi huifumua yote. Hilo halimo kwenye somo.

Mama mmoja wa makamo, aliyekuwa kiongozi wa msafara, hakutaka kupigwa picha.

"Dada, kwetu wanaotushinda ni wazee," alisema. "Waliozaliwa kwingine, wamezeekea kwetu. Nyie mmewafanyaje? Mama yako, kwa mfano?"

Afisa akaanza kukohoa. Fundi alijua kabisa kwamba huu ndio mlango, na kwamba huyu angesikiliza. Alingoja moyo uende mbio. Haukwenda. Alichohisi ni uchovu tu, na hamu ya kuona watu hawa wakitoka.

"Mama alishafariki," akasema.

"Ooh, pole sana, mdogo wangu."

Wakasimama kimya, wameinamisha vichwa. Upande wa pili wa ukuta, mama alikuwa akicheka na jirani.

Wageni walipokwisha kupanda gari, afisa alirudi mlangoni, uso umemnawiri.

"Umeniokoa, fundi. Basi iwe hivyo hivyo. Mwezi ujao wanakuja wengine."

"Na ombi la mama?"

Afisa akajikuna shingo. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloudhi.

"Sasa fundi, wewe mwenyewe umesema mbele ya ugeni wa serikali. Mimi nikampeleke marehemu akale kiapo?"

Mama alirudi, akakaa mahali pake, akauliza kwa lugha yao kama safari hii walisema lini ataitwa. Fundi alikuwa anafumua pindo. Angeweza kumdanganya, amemdanganya mara nyingi.

"Hutaitwa, mama. Nimewaambia umekufa."

Mama akanywa chai iliyobaki, funda moja, la pili.

"Walilia?"

"Hapana. Walisimama kidogo."

"Si haba." Akamtazama binti yake akivuta uzi. "Ila wewe, mwanangu, mbona nawe hulii?"

Fundi akajaribu. Akakaza macho, akangoja, akamfikiria mama yake amelala chini ya udongo wa nchi isiyomtambua. Hakuna kilichokuja. Ndipo alipoogopa.