Mwenyekiti Ndani ya Puto

Miaka ile ya chama kimoja nilikuwa mwalimu wa historia mjini Eldoret, nikipanga chumba mtaa wa Huruma. Mzungu mmoja akaleta puto la kupandisha watalii, akataka kulijaribu juu ya hifadhi ndogo ya wanyama upande wa Soy, penye mashimo ya kale yaliyojengwa kwa mawe. Alihitaji mtu wa kueleza habari za mashimo hayo. Mwalimu mkuu akanitaja mimi, nadhani kwa sababu nilikuwa mwembamba.

Lakini hakuna kitu kilichopita juu ya vichwa vya wananchi bila chama kujua. Mwenyekiti wa tawi alifika alfajiri, suti imepigwa pasi, akatangaza kwamba ataongoza safari. Mzungu akamweleza kuwa puto haliongozwi, huenda linakopelekwa na upepo.

"Upepo wa hapa naujua," akasema Mwenyekiti, akaingia ndani ya kapu.

Moto wa gesi ukanguruma, ardhi ikatuacha polepole. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile. Pundamilia walikimbia na vivuli vyao virefu kwenye umande. Mashimo niliyowafundisha watoto kama sentensi mbili za kukariri yakajitokeza yote, duara kando ya duara, mji mzima. Nilisahau kueleza chochote.

Mwenyekiti alikuwa amechutama, amekamata suruali yangu. Huyu ndiye aliyetukumbusha katika kila baraza kwamba sisi tuliotoka magharibi mwa nchi ni wageni, tukae kwa adabu.

"Mwalimu, unaona nini?" akauliza, macho ameyafumba.

"Makao ya watu waliokuwa hapa kabla yetu sote, Mzee."

"Wako wapi sasa?"

"Walihama."

Akazidi kuivuta suruali yangu.

Upepo, ambao haukuwa na kadi ya chama, ulituvusha mpaka kwenye mashamba ya mahindi karibu na Moi's Bridge. Tukatua kwa kishindo, kapu likalala ubavu. Vibarua wakaja mbio kutoka kila upande. Mwenyekiti alipoona umati, miguu yake ikapata nguvu ghafla. Akapanda juu ya kapu, akaanza kuhutubia kuhusu maendeleo ya anga. Walimpigia makofi. Kazi hiyo sote tulikuwa tumeizoea.

Askari wa chifu akafika kwa baiskeli.

"Mkutano huu una leseni?"

"Mimi ni Mwenyekiti!"

"Wa wapi?"

Mwenyekiti akataja tawi lake.

"Huko ni kwenu," askari akasema. "Hapa wewe ni mgeni. Twende."

Mama mwenye shamba alitupa chai, mimi na Mzungu, akauliza kama kule juu mtu anaweza kuona mvua ikija. Kisha nikaenda kambini kwa chifu. Nikamkuta Mwenyekiti ameketi kwenye nyasi kati ya wapika pombe ya chang'aa wawili waliokamatwa, wakimfariji. Nikaapa kwamba ni mtu mkubwa kwetu, akaachiliwa. Njiani kurudi nilimwonea huruma kweli, jambo ambalo sikulitarajia.

Kwenye baraza lililofuata alieleza jinsi alivyoyakagua mashimo kwa macho yake mwenyewe. Habari za wageni hakuzigusa siku hiyo. Mzungu alinyimwa kibali, akaondoka na puto lake. Mimi nikaanza kulifundisha somo la mashimo kwa wiki nzima, nikichora duara ubao mzima, mpaka mkaguzi wa shule akaniuliza nani ameniruhusu.

"Upepo," nikamjibu. Hakucheka.