Mistari Mitatu ya Majani Chai

Enzi zetu pale Kibugu, wiki ilikuwa na siku mbili za Mungu, na sisi watoto tulizifaidi zote. Baba alisali Jumapili. Baba mdogo, ndugu yake wa tumbo moja, alioa kwa Wasabato akaifuata siku ya mkewe. Jumamosi nilikula kwao githeri, mahindi na maharagwe, iliyopikwa Ijumaa, imelala ikakolea chumvi. Vijana wa leo wakiiona wangeagiza chipsi. Jumapili binamu yangu Njeru alikuja kwetu kungoja chapati.

Ng'ombe nao walihudumiwa kwa zamu. Jumamosi, wenyewe wakiwa kanisani, nilimkatia ng'ombe wao majani ya nepia. Jumapili Njeru alimkatia wetu. Asubuhi umande ulikuwa baridi mpaka vidole vinakataa kushika panga.

Babu akafa, shamba likagawanywa, baba na ndugu yake wakakosana kwa mistari mitatu ya majani chai. Wakati wanapima kwa kamba sikusikia mtu akimtaja Mungu. Lakini mwezi haujaisha, baba alikuwa akisema, "Watu wa Jumamosi ndivyo walivyo," na ng'ambo ya ua anajibiwa, "Utatarajia nini kwa mtu asiyeijua Sabato?"

Tukakatazwa kuvuka. Jumamosi iliyofuata ng'ombe wao alilia tangu alfajiri. Nilikaa jikoni na panga langu, nikiwaza kwamba Njeru nimeshampoteza. Mama akalichukua, akakata nepia, akaurusha mzigo juu ya ua.

"Unalisha ng'ombe wa nani?" baba akafoka.

"Huyo anayelia."

Kesho yake mzigo ukaanguka upande wetu. Ikawa hivyo kila wiki, na wazee wale hawakusemezana mpaka walipozikwa, kila mmoja upande wake.

Shule niliiacha darasa la saba, nikazurura. Nimefunga miraa Laare, nimevuna ndengu Gachoka, na kila mahali nimeuliza watu kinachowatenganisha. Wengi hutaja dini upesi. Ukae nao wiki mbili, utaonyeshwa mistari yao mitatu ya majani chai. Sisemi dini haina lake. Ndiyo iliyowapa wazee wetu maneno, na maneno yale yamedumu kuliko michai yenyewe, iliyong'olewa zamani.

Juzi nilifika nyumbani Jumamosi, nikasikia ng'ombe wa Njeru akilia. Mtoto wa dada yangu alikuwa amejilaza kwenye kochi na simu.

"Anko, achana naye. Si ni wa hao Masabato?"

Nikamwomba panga. Hakujua linakaa wapi. Nikalitafuta mwenyewe, nikakata nepia, nikarusha. Mgongo ulinikumbusha umri wangu.

Jumapili asubuhi, tukinywa chai, kitu kizito kilianguka upande wetu wa ua. Kijana akaruka, chai ikamwagika.

"Anko, ni nini hiyo?"

Enzi zetu hakuna mtoto angeuliza.