Mpini wa Upande wa Kushoto

Mimi ni mwoga. Nasema mapema usije ukanisifu katikati. Wanaonijua leo, wanaoniona nikigombana na mafundi kwenye karakana, huwa wanacheka nikisema hivyo. Wacha wacheke. Niliogopa nikiwa msichana, na aliyeumia si mimi.

Ilikuwa ile miaka ya sabini ya magendo, malori yamejazana Malaba, na sisi tuliokaa kando ya barabara ya Busia tulishajifunza kutouliza gunia la mtu lina nini. Nilikuwa msichana pekee katika chuo cha ufundi cha kijiji. Mkuu wa chuo alinipokea kwa majaribio, na akaniambia mbele ya baba kwamba akisikia kelele yoyote inayonihusu, nitarudi nyumbani kupalilia mihogo. Kila asubuhi niliingia karakana nikichunga kila neno langu.

Mwalimu wetu alikuwa mzee aliyefanya kazi ya reli miaka mingi, na ubao hakuuamini. Alitugawa wanne wanne, kila kundi likapewa kitu cha kutengenezea watu. Kundi letu lilipewa mashine ya kusaga mahindi ya kikundi cha akina mama. Injini na mawe ya kusagia vilikuwepo tayari. Kazi yetu ilikuwa zile sehemu ambazo mama atazishika: mpini wa kuanzisha, mpini wa kusimamisha, mahali pa kuweka miguu, mahali pa kuning'iniza mfuko wa unga.

"Mashine peke yake haina shida," mwalimu alisema. "Shida inaanza pale inapokutana na mkono wa mtu."

Aliyechaguliwa kuendesha mashine hiyo ni dada ya baba, senje wangu. Ndiye aliyemsumbua baba mpaka nikaruhusiwa kusoma ufundi. Mama wa sauti kubwa, haendi popote bila leso mbili, moja kiunoni na moja mabegani.

Kiongozi wa kundi letu alikuwa kijana wa Kiislamu, mtoto wa mwenye duka pale Busia mjini. Mcheshi, na kwa kuchora hatukumfikia hata kidogo. Alikuwa wa shoto. Kula alikula kwa kulia kama alivyofunzwa kwao, lakini penseli aliishika kwa kushoto, na huko shule ya msingi alichapwa vidole kwa sababu hiyo mpaka vikavimba. Ukimtania "mashoto" alinyamaza siku nzima. Basi akachora mashine yetu, mpini wa kusimamisha akauweka kushoto kwa mwendeshaji, kando ya mkanda mrefu unaopita mbele yake kutoka kwenye injini. Ni pale mkono wake mwenyewe ulipoangukia. Sisi watatu tukasifu mchoro, eti safi kabisa. Hakuna aliyeuliza.

Mwalimu alikuwa na sheria yake. Kabla ya kuchomelea, tengeneza kwa katoni na mbao, uite watu wajaribu. Usimwambie mtu ashike wapi. Mpe, nyamaza, tazama mkono wake. Sisi, kwa haraka ya vijana, tulimpa mchomeleaji fremu kwanza, halafu ndipo tukakumbuka katoni. Siku ya majaribio mwalimu alikaa mbali kwa makusudi, alisema akiwepo akina mama watamwogopa. Mimi nilipewa daftari la kuandika mikono ilikokwenda.

Senje alikuwa wa kwanza. Tulikuwa tumefunga kamba ya katani pale ambapo mkanda ungepita. Alisimama, akashika mfuko, mmoja wetu akapiga kelele, "Simamisha!" Senje akajipinda, akainama juu ya ile kamba, akaufikia mpini kwa mkono wa kulia. Ncha ya leso yake ikagusa kamba.

"Mama, mbona hukutumia mkono wa kushoto? Ndio uko karibu," kiongozi alimuuliza.

"Ala! Kushoto, na huku nashika unga wa watu?" Senje alicheka. "Mtu akiniona atabeba mahindi yake arudi nayo kwake."

Akina mama wawili waliomfuata walifanya vilevile. Niliona mkanda wa kweli pale kwenye kamba, ukizunguka. Nikaandika: wote wamevuka mkanda kwa mkono wa kulia, nguo inagusa.

Akina mama walipoondoka kiongozi alisoma juu ya bega langu. "Watazoea, dada," alisema. "Chuma kimeshachomelewa. Jumamosi chifu anakuja kufungua. Utamwambia nini mwalimu, kwamba mimi ni mashoto?" Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

Nikaona yote yatakavyokwenda: ugomvi, kelele, mkuu wa chuo, mihogo. Nikachana ule ukurasa. Kwenye mpya nikaandika kwamba wote watatu walifaulu kusimamisha mashine. Jioni mwalimu akaniuliza, "Mikono ilikwenda wapi?" Nikamwambia, "Wote waliufikia mpini, mwalimu." Sikudanganya hata neno moja, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Akatia sahihi.

Siku tatu zile hadi Jumamosi sikula vizuri. Nilikwenda kwa senje nikiwa nimejipanga kusema. Nilimkuta anapepeta mahindi, anaimba. "Senje," nikasema, "Jumamosi ufunge leso vizuri." Akanitazama, akacheka, akaniuliza tangu lini nimekuwa mama mkwe wake. Ujasiri wangu wote uliishia hapo.

Jumamosi watu walijaa. Chifu alihutubia, akina mama wakaimba, injini ikawashwa ikanguruma mpaka ardhi ikatetema chini ya viatu. Debe la kwanza likamiminwa. Unga ukatoka wa moto, unanukia, watu wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango, macho kwenye fundo la leso yake tu. Mfuko ukajaa. Mtu akasema, "Simamisha, mama, unamwagika!"

Akainama. Tulikuwa tumeweka kikinga cha wavu, lakini kilifika kiunoni tu. Leso ya mabegani ilianguka mbele, mkanda ukaidaka. Woi! Sikuwahi kusikia sauti ile kwa senje. Mwalimu aliruka akauvuta mpini, mkanda ukahamia kwenye gurudumu la bure lisilozungusha mawe, mashine ikasimama. Leso ilikuwa imepasuka, na ilipopasuka ikamwachilia shingo. Lakini mkono alioutanguliza kujizuia ulikuwa umeshaingia. Mfanyabiashara mmoja akamkimbiza hospitali kwa pikapu yake. Vidole vitatu vya mkono wa kulia havikuokolewa.

Jumatatu mwalimu aliliweka daftari mezani, akatuuliza kama kuna aliyeona dalili yoyote siku ya katoni. Kijana wa Busia akasimama. "Ni mimi, mwalimu. Nilichora kwa mkono wangu, sikufikiria mikono ya wengine." Kuhusu ukurasa hakusema. Alinitazama mara moja, akaketi. Wiki ile aliacha chuo akarudi dukani kwa baba yake. Mimi nilibaki, tena mkuu wa chuo akatangaza kwamba majaribio yangu yamekwisha, maana rekodi zangu ni safi.

Senje alipotoka hospitali nilikwenda kumwona. Nilimkuta ameketi jikoni, mkono umefungwa bandeji umelala mapajani. Alikataa nimpikie chai. Alihangaika na birika mwenyewe, akamwaga, akasonya, akamimina tena.

"Wananiambia yule kijana ameacha shule," alisema. "Mwambieni arudi. Ninyi ni watoto, hamkujua." Akangoja. "Hamkujua, sivyo?"

Nilikuwa na nafasi, jiko liko kimya, sisi wawili tu. Hapakuwa na mkuu wa chuo wala chifu.

"Hatukujua, senje."

Akaitikia kwa kichwa, akainua kikombe, akaninyooshea kwa mkono wa kushoto. "Nisamehe, mwanangu," akasema, ameinamisha macho kwa aibu. "Nakupa kwa mkono mbaya."