Mzee wa Kuogopa Mazimwi

Nilikuwa nasuka nywele kwenye saluni moja pale Point, karibu na bandari ya Durban, watu wa filamu walipokuja kutafuta mtu wa kushughulikia wigi. Wenzangu walisita. Mimi nilisema naweza, kwa sababu naweza.

Nilipewa kichwa kimoja tu, cha mwigizaji mzee kutoka Japani. Kila asubuhi, ndani ya hema kule Bluff, ng'ambo ya bandari, nilimbandika wigi la mvi huku akinisimulia kazi yake kwa Kiingereza cha polepole. Alianza akiwa kijana, amevaa vazi zito la mpira, yeye ndiye zimwi, akikanyaga nyumba za maboksi. Siku moja akazimia kwa joto. Walipomtoa humo wakampa kofia ya polisi, na tangu hapo, kwa zaidi ya miaka hamsini, akawa mtu wa pembeni: askari, daktari, muuza samaki, na sasa profesa. Kila filamu analiona zimwi, anapiga kelele, anakufa.

"Hukutaka kuwa nyota, mzee?" nilimuuliza.

"Nyota analipiga zimwi," akasema. "Lakini mimi nisipoogopa, zimwi halipo."

Siku ya tatu ilikuwa ya watu kukimbia. Zimwi lenyewe lilikuwa mpira wa kijani juu ya ufito mrefu; lingechorwa baadaye kwa kompyuta. Waliokodiwa kukimbia, wengi wao Wakongo wenzangu, hawakuweza kujizuia kucheka.

"Eh, dada, zimwi iko wapi? Hii ni balo tu, mpira ya kuchezea!" jamaa mmoja alinipigia kelele.

Walirudia mara nne, mwongozaji akazidi kufoka, vicheko navyo vikazidi. Mwanamke aliyetakiwa kukimbia kando ya profesa akateguka mguu. Ndipo mzee alipokwenda kusimama mbele ya wote. Aliutazama ule mpira, kisha macho yake yakapanda taratibu, yakapita ufito, yakapita winchi za bandarini. Mkono wake ukatafuta wa kumshika, ukampata yule jamaa. Jamaa naye akatazama juu, kicheko kikamkatika. Wengine nao wakainua macho.

Mzee akageuka, akaninyooshea kidole. "Huyu atakimbia na mimi."

Niliweka kitana chini. "Nitazame nini?"

"Kitu kikubwa kuliko vyote ulivyowahi kuviona ni kipi?"

"Mlima wetu wa Goma, ukitapika moto."

"Basi uweke pale, nyuma ya winchi."

Nikauweka. Tulikimbia mara moja tu, mwongozaji akasema inatosha.

Filamu ilipotoka tulikwenda kuitazama, saluni nzima. Nilionekana kwa sekunde chache, nimeshika mkono wa profesa, kabla hajaanguka. Wenzangu walipiga makofi. Mimi nilikuwa nayachunguza macho yangu pale kwenye skrini, nikaona yamefanya kazi. Nimeshaitwa kwenye filamu nyingine mbili tangu wakati huo, na sikwenda kushika wigi la mtu.