Chui Kwenye Msiba wa Mbuzi

Naanza na lile linalonihusu mwenyewe, asije mtu akasema nimelificha. Tangazo lililokataza mizaha misibani katika mtaa wetu hapa Kolwezi liliandikwa kwa mkono wangu. Nilikuwa karani mkuu katika ofisi iliyotoa vibali vya mazishi, na nakala ninayo hadi leo katika jalada la kijani. Sentensi yake ya pili inasema: "Vitendo hivi ni vya kigeni, vimeingizwa kutoka nchi jirani." Sentensi hiyo si kweli. Nilipoiandika sikujua, lakini kutojua si utetezi kwa mtu aliyelipwa mshahara ili ajue.

Sababu ya tangazo ilikuwepo. Mji wetu umejaa watu waliotoka kila pembe ya Kongo kufuata shaba na kobalti, na si wote waliokulia katika utani wa koo. Familia moja ya wahamiaji ilikuwa ikimzika baba yao, mara jirani mmoja mzee akajilaza ndani ya kaburi, akagoma kutoka, akipiga kelele kwamba marehemu alikuwa mlafi na tumbo lake halitaenea humo. Watoto wa marehemu walikuja ofisini kulalamika. Niliwasikiliza, nikaandika, nikatia sahihi, likabandikwa.

Jioni hiyo mama yangu, niliyeishi naye lupango moja, yaani ua mmoja, aliniomba nimsomee. Alikuwa akimenya mihogo. Nilipofika kwenye neno "kigeni" akaweka kisu chini.

"Mwanangu, mi ni mugeni?"

"Hapana, mama."

"Bachui ba kule ngambo njo balizika mama yangu. Balimutukana mpaka batu banacheka na machozi. Ile wakati, nani alijua kama kule ni Zambia?" Akaokota kisu. "Siku yangu, usinizike kimya. Uite Bachui."

Nilimwitikia kama mtu anavyomwitikia mama mzee, na tangazo likabaki ukutani.

Kwa asiyejua: sisi tunarithi ukoo kwa upande wa mama, na ukoo wetu ni wa Mbuzi. Mtani wetu ni Chui, kwa sababu isiyohitaji maelezo. Chui anaweza kumwambia Mbuzi neno lolote, na Mbuzi hana ruhusa ya kukasirika. Mbuzi naye anaweza kurudisha. Msiba ukimfika Mbuzi, Chui ndiye anayekuja kumwigiza marehemu na kuwakejeli wafiwa, ili huzuni isiwazamishe. Koo hizi zilikuwepo kabla ya mstari wa mpaka, na mstari ulipochorwa hakuna aliyewauliza chui wala mbuzi wakae upande gani.

Mama alifariki miaka mingi baadaye, nikiwa nimekwisha kustaafu. Nilipiga simu Solwezi, upande wa pili wa mpaka, na Chui wakatuma watu watano. Kiongozi wao alikuwa mwanamke wa makamo yangu, mfupi, mwenye meno mawili tu ya mbele. Walifika asubuhi ya mazishi.

Nikiri kwamba nilisimama kando nikiwakagua, kwa mazoea ya kazi. Mwanamke yule hakuingia moja kwa moja. Alichuchumaa langoni, akakunja viganja na kupiga makofi mazito, polepole, namna ileile mama alivyowasalimu wakubwa wake. Akafungua kitenge cha mabegani na kukifunga kiunoni, kama wafungavyo wanawake wetu waingiapo nyumba ya kilio. Kisha akaomba udongo mweupe wa kujipaka. Shangazi yangu alikuwa ameshauweka kwenye sahani nyuma ya mlango, bila kuambiwa na mtu. Nilijiuliza ni barua ipi iliyopita baina ya wanawake hawa wawili ambao hawajawahi kuonana, nami niliyesimamia barua maisha yangu yote sikuiona.

Chakulani tu ndipo tulipotofautiana. Sisi bukari yetu, yaani ugali, tunachanganya unga wa mihogo na wa mahindi. Wao wanasonga mahindi matupu.

"Hii bukari yenu inashika meno," mwanamke yule akalalamika.

"Meno gani?" shangazi akamuuliza, na kwa mara ya kwanza tangu jana yake mtu akacheka katika nyumba ile.

Hapo mgeni akaanza kazi. Alichukua kitambaa cha kichwa cha mama na fimbo yake, akavuka ua akiwa ameinama mwendo uleule, akiwagombeza kuku, akichungulia sufuria za wakwe, akificha sukari kifuani. Watu walishika vinywa. Sijui ni nani aliyemfundisha ile sukari. Nadhani kila mama mzee wa pande hizi, huku na kule, anaificha palepale. Shangazi aliangua kicheko kilichogeuka kilio katikati.

Ndipo shefu wa kartiye, mkuu wa mtaa wetu, alipoingia. Ni mtu niliyemfundisha kazi mwenyewe, na alikuwa ameshika tangazo langu ndani ya mfuko wa plastiki.

"Tata, munisamehe. Lakini karatasi iko wazi, na sinyatire hapa chini ni yenu. Hawa bageni banyamaze, ao batoke."

Mwanamke wa Chui hakubishana naye. Alitandika mkeka kwenye kizingiti, mahali ambapo jeneza halina budi kupita, akajilaza.

"Nyama yangu iko ndani," akasema. "Mi sitoki mpaka Mbuzi anijibu yeye mwenyewe. Ule mwenye kravati."

Ua mzima ukanigeukia, mimi peke yangu niliyevaa tai. Katika utumishi wangu wote sikuwahi kumtukana mwananchi. Hata waliostahili niliwaita Bwana na Madamu. Nikimjibu, ningekuwa nimevunja mbele ya watu amri niliyoitia sahihi. Nikinyamaza, shefu angemwondoa, na mama angetoka nyumbani kwake kimya, jambo aliloniomba lisitokee.

Nilimwomba shefu ile karatasi. Nikatoa kalamu, nikapiga mstari juu ya sentensi yote ya pili, ile ya "vya kigeni", nikaandika pembeni herufi za kwanza za jina langu, kama tunavyosahihisha.

"Tata, mulishatoka ku kazi," shefu akanong'ona. "Hamuna tena ruhusa."

"Ni kweli, sina," nikamjibu. "Iandike hivyo katika ripoti yako. Lakini kosa ni langu."

Kisha nikamgeukia mwanamke pale chini.

"Mama," nikasema, "baada ya kukuchunguza kwa makini, imeonekana kwamba chui mwenye meno mawili hawezi kumla mbuzi, hata mbuzi huyo akisagwa akawa uji. Ombi lako limekataliwa. Ondoka mlangoni."

Yeye mwenyewe akapasuka kucheka, akipiga mkeka kwa kiganja.

"Aaa! Kumbe mbuzi wa ofisi anauma!"

Ua ulilipuka, na shefu naye akageuza uso ili nisimwone. Nikahisi shingo yangu imelowa hadi kwenye ukosi. Sikuwa nimelia tangu mama akate roho. Nilidhani ni kazi ya wengine. Mwanamke wa Chui aliinuka, akakunja mkeka, akashika yeye mwenyewe upande wa mbele wa jeneza.

Mpangaji wangu, dereva wa lori kutoka Tanzania, aliniambia baada ya mazishi: "Mzee, hata kwetu watani wasipofika, msiba unakuwa na kasoro." Sisemi kwamba sisi sote ni watu wamoja, bukari imeshathibitisha kwamba sivyo, na mpaka una sheria zake nilizozitetea. Ninachokataa ni mtu kukaa mezani, kama nilivyokaa mimi, akaliita geni jambo lililomlea mama yake.

Kabla ya kupanda basi, mwanamke yule aliniambia: "Siku yangu, mbuzi, nakungojea. Na usikuye na kravati."

Kiangazi hiki simu ilitoka Solwezi. Asubuhi iliyofuata nilikuwa mpakani, mbele ya afisa kijana, mwanamke, aliyekuwa akinijazia fomu.

"Munaenda kufanya nini, tata?"

"Kumtukana marehemu."

Akainua macho. "Ni ndugu yenu?"

"Angekuwa ndugu nisingeruhusiwa. Ni mtani."

"Mtani haiko ku liste. Niandike rafiki."

"Hapana, mama. Si rafiki yangu. Nimeonana naye siku moja tu."

Nyuma yangu foleni ikaanza kunung'unika. "Muzee, acha aandike yoyote, jua inatuchoma!" Nikaweka kofia yangu juu ya meza, ili ieleweke kwamba sina haraka, maziko yalikuwa kesho yake.

"Niliwahi kuandika neno lisilo la kweli kwenye karatasi ya serikali," nikamwambia, "na nilichelewa mno kulikata. Andika mtani. Nafasi ipo pale pembeni. Nitangoja."

Akanitazama toka kichwani hadi kifuani, akahema, akachukua kalamu. Kravati nilikuwa nimeivaa, makusudi.